Sifa za Bure Haziujengi Muziki Wetu

Yako makosa ambayo watu huyatenda kwa ukali, na yako mengine ambayo huyatenda kwa upole. Makosa ya ukali huonekana upesi na kupigiwa kelele. Makosa ya upole huvaa kanzu ya adabu, yakapita katikati yetu yakiamkiwa. Moja la makosa hayo ya upole ndilo tunalokusudia kulisema katika insha hii, nalo ni desturi yetu ya kumsifu kijana aliyetuletea wimbo wake wa kwanza, aliourekodi mwenyewe nyumbani, bila ya kuusikiliza wimbo huo.

Tuanze na hali ilivyo. Siti binti Saad na wenzake walipotaka kurekodi nyimbo zao mwaka 1928, iliwabidi kuvuka bahari mpaka Bombay, India. Katika miaka ya 1970, bendi ya muziki wa dansi iliyotaka kusikika nchi nzima iliingia studio ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, ikapiga wimbo wake kwa pamoja mbele ya fundi mitambo, na saa zake zilipokwisha ikatoka. Leo kijana wa kidato cha tatu mwenye kompyuta ya kuazima, maikrofoni moja na spika mbili ndogo huweza kuifanya kazi hiyo chumbani mwake, godoro likiwa limeegemezwa ukutani ili kupunguza mwangwi. Hurekodi ngoma peke yake, gitaa peke yake, sauti yake peke yake. Kisha huziweka zote pamoja, akiamua ipi ikae mbele na ipi nyuma, ipi inenepeshwe na ipi ipunguzwe. Kazi hiyo ya mwisho ya kuchanganya sauti ndiyo ambayo vijana huiita miksi, na ndiyo inayoamua kama wimbo utasikika au utazama.

Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Chombo kilichokuwa mikononi mwa wachache sasa kimo mikononi mwa wengi, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini katika kukipata chombo tumelipoteza sikio la pili. Siti alikuwa amekwisha kuimba mbele ya wasikilizaji wa Unguja kabla hajasimama mbele ya mashine ya Bombay. Bendi iliyoingia studio aghalabu ilikuwa imekwisha kuupiga wimbo wake ukumbini, na wachezaji walipoketi bendi ilipata jibu lake bila ya mtu kufungua kinywa. Ndani ya bendi yenyewe alikuwako mkubwa wa muziki aliyeweza kumwambia mpiga gitaa kwamba anamfunika mwimbaji. Hivyo wimbo ulipofika kwenye utepe ulikuwa umekwisha kukosolewa na watu wengi, na baadhi yao hawakujua kwamba wanakosoa. Kijana wetu wa leo ni mtunzi, mwimbaji, mpigaji, fundi mitambo na msikilizaji, na wote hao watano ni mtu mmoja.

Hatuandiki haya kama watu waliosimama pembeni. Katika shule tuliyofundisha alikuwako mwanafunzi mmoja aliyetunga wimbo juu ya bibi yake, mama mzee aliyemlea na kumlipia ada kwa kuuza maandazi. Aliurekodi wakati wa likizo, akautengeneza kwa majuma kadhaa, kisha akatuletea katika chumba cha walimu akiwa ameushika kwenye simu kama mtu aliyeshika yai. Tuliusikiliza tukiwa tunasahihisha madaftari. Kabla haujafika nusu tulimrudishia simu yake tukamwambia, "Hongera sana, kazi nzuri." Walimu wenzetu walisema vivyo hivyo. Wanafunzi wenzake walisema kwamba wimbo ni mkali. Ikaamuliwa upigwe siku ya mahafali.

Siku hiyo ulipigwa kwa spika kubwa za kukodi. Besi iliunguruma uwanja mzima, viti vikatetemeka, na sauti ya kijana ikawa kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika. Bibi yake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Wimbo ulipokwisha alipiga makofi pamoja na wengine, kisha akamwinamia jirani yake na kumwuliza kijana alikuwa akiimba nini. Walikuwako waliocheka. Asubuhi yake mwanafunzi yule alikuja, akatuamkia kama kawaida, kisha akauliza, "Walimu, wimbo mliusikia kabla. Mbona hamkuniambia?" Hatukumjibu, kwa maana jibu la kweli lilikuwa kwamba hatukuusikia.

Huenda msomaji akauliza: kwani kijana mwenyewe hakuwa na masikio? Alikuwa nayo. Lakini sikio la mtu aliyeitenda kazi si shahidi wa kutegemewa peke yake, na inafaa kila mwalimu azijue sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kwamba mtunzi anayajua maneno. Aliyeimba beti zake mara mia hawezi tena kuzisikia kama mgeni azisikiavyo. Pale sauti ilipozama, kumbukumbu yake huijaza nafasi. Lugha yetu huizidisha hatari hiyo. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazobeba nguvu ya uimbaji. Konsonanti kama p, t na k ni milio mifupi na dhaifu, na gitaa kali au mwangwi mwingi huzifunika bila ya taabu. Zikifunikwa, kata, pata, taka na paka huwa neno moja lisilo na maana. Mwimbaji atasikia "pata" kwa sababu alikusudia kusema "pata". Msikilizaji hana kusudio hilo; ana sauti aliyopewa tu.

Sababu ya pili wazee waliisema zamani: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mpiga gitaa akichanganya sauti, gitaa huwa juu. Mwimbaji akichanganya, sauti yake huelea juu ya ala kama mafuta juu ya maji. Au, akiwa ni mwenye haya, huizika. Hakuna hila katika jambo hilo. Kila mtu husikiliza zaidi kile kilichomtoa jasho.

Sababu ya tatu ni chumba. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, na mlio mnene wenye mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Katika chumba chenye urefu wa mita 3 na nusu, wimbi hilo hugonga ukuta, likarudi na kukutana na jingine lijalo. Hapo besi hujaa karibu na kuta na katika pembe, lakini katikati ya chumba hupungua sana. Mwanafunzi wetu aliketi katikati. Aliona besi haitoshi akaiongeza, akaona bado akaiongeza tena. Chumba kilimdanganya, na sisi tulikuwa wa kumzindua. Anayetumia hedifoni huziepuka kuta, lakini hedifoni nazo zina ulaghai wake: kila sikio hupata upande wake peke yake, na vitu vidogo huonekana wazi kuliko vitakavyokuwa kwenye spika za watu.

Sababu ya nne imo katika maumbile ya sikio lenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba sikio halizipokei sauti zote kwa usawa: sauti inapokuwa ya chini, sikio huisikia besi hafifu kuliko inapokuwa ya juu. Kwa hiyo kijana anayechanganya usiku kwa sauti ya chini, asije akawaamsha wenye nyumba, huielekea kuongeza besi kupita kiasi. Na anayechanganya kwa makelele hupata wimbo uliokonda unapopigwa kwa utulivu. Zaidi ya hayo, mtu akisikilizishwa wimbo ule ule mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu kidogo, kwa kawaida ataiona ya pili kuwa bora. Vijana wengi huongeza sauti ya kila kitu kwa zamu wakidhani wanatengeneza, kumbe wanapandisha. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na hapa hilo ni zaidi ya methali: sauti ikipita kiwango ambacho chombo kinaweza kukipokea, kilele chake hukatwa na mlio hukwaruza.

Tazameni basi jinsi kosa letu lilivyokuwa kubwa. Tulimsikiliza kwa spika ya simu, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa besi nzito. Ule mlio ulioyafunika maneno uwanjani haukuwamo kabisa katika kile tulichokisikia. Tulitoa hukumu juu ya wimbo ambao nusu yake ilikuwa haijatufikia, nasi tukaita hukumu hiyo pongezi.

Sasa tuwataje wale tunaogombana nao.

Wa kwanza ni wasifuji, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Wasifuji hudai kwamba wanampa kijana moyo. Moyo gani huo? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema wa methali alikuwa angalau amelionja tembo lake mwenyewe na kujua lilivyo. Kijana aliyesifiwa bila ya kusikilizwa hajui hata alichosifiwa. Hawezi kukirudia kilicho chema, kwa kuwa hakutajiwa. Wala hawezi kukiondoa kilicho kibaya, kwa kuwa kilifichwa. Sifa ya namna hiyo ni njia ya heshima ya kumfukuza mtu mlangoni.

Wa pili ni wenye dharau. Hawa husikia sekunde kumi, wakatikisa kichwa, wakasema kwamba huo si muziki, na kwamba muziki ulikwisha zamani. Tunawakumbusha kwamba beni ilipoenea pwani mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwako walioiona kuwa ni uigaji tu wa bendi za askari, na leo tunaitaja katika historia ya sanaa zetu. Mwenye dharau na msifuji hudhaniwa kuwa maadui, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hawakusikiliza.

Wa tatu ni wale ambao kipimo chao kimoja tu ni kile wanachokiita kiwango cha kimataifa. Kijana huwaletea wimbo wenye magitaa mawili yanayojibizana kwa mtindo wa dansi, nao humwambia alizime moja, kwa sababu katika nyimbo zinazovuma ng'ambo mwaka huu hakuna magitaa mawili. Huwaletea ngoma ya kwao iliyorekodiwa kwa ngozi na mti, nao humshauri aiondoe aweke ngoma ya kompyuta. Hatusemi kwamba kijana asijifunze kwa wageni. Ustadi hauna pasipoti. Tunasema kwamba huwezi kumwongoza mtu njia ya kwenda kwake kwa ramani ya mji mwingine. Mkosoaji kwanza aulize wimbo unataka kuwa nini, ndipo apime kama umekuwa hivyo. Akitaka kuulinganisha na wimbo mwingine, atafute wa jamaa yake: dansi kwa dansi, taarabu kwa taarabu, na zote mbili zipigwe kwa sauti iliyo sawa, isije ya juu ikashinda kwa ujuu wake.

Wa nne ni wale wanaochanganya uhakiki na ukaguzi. Enzi za Radio Tanzania maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na wako walimu ambao mpaka leo wakipewa wimbo hutafuta humo neno la kukataza, wakishalikosa huona kazi imekwisha. Mkaguzi huuliza kama wimbo unaruhusiwa. Mhakiki huuliza kama umefika. Kijana wetu aliruhusiwa na kila mtu, na wimbo wake haukufika kwa bibi yake aliyeketi hatua kumi kutoka kwenye spika.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba uhakiki wenyewe tunaufundisha. Mwanafunzi wetu wa sekondari huweza kuandika kurasa tatu juu ya fani na maudhui ya tamthiliya, akaeleza muundo, mtindo, wahusika na mandhari, akatoa mifano na kuitetea. Mwulize kuhusu wimbo wa mwenzake wa dawati moja, atajibu kwa neno moja: mkali. Au: mbovu. Kwa nini ustadi ule ule usitumike? Mahali pa sauti katika wimbo ni fani. Kuiweka sauti ya mwimbaji nyuma ya ngoma ni uamuzi wa kisanaa kama vile kumweka mhusika nyuma ya pazia, na msikilizaji ana haki ya kuuliza kama uamuzi huo ulikusudiwa au ulitokea tu.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Kiliwahusu wanachama wa TANU, wala si wapiga magitaa. Hata hivyo hoja yake ya msingi, kwamba watu walio pamoja hawana budi kuambiana makosa kwa nia ya kuyaondoa, haina mipaka ya chama wala ya zama. Tumeikariri mara nyingi katika mikutano. Tunaiomba sasa iingie katika chumba cha walimu.

Na iingie namna gani? Hatupendekezi vyombo vya gharama. Mwalimu ana chombo kimoja cha zamani kinachofaa kuliko mashine nyingi, nacho ni imla. Kijana akileta wimbo, wachaguliwe wanafunzi kumi ambao hawajausikia wala kuyaona maneno yake. Upigwe mara moja kwa simu na mara moja kwa spika kubwa, nao waandike kila neno wanalolisikia. Kisha karatasi zilinganishwe na maneno ya mtunzi. Ubeti ambao wengi wameuacha wazi hauhitaji mjadala, umezama. Hakuna aliyemdharau mtunzi, na hakuna aliyemdanganya. Karatasi zimesema.

Baada ya hapo mwalimu na ausikilize wimbo wote mara ya pili, kimya, pasipo madaftari. Atakapozungumza, ataje mahali. Kusema "sauti haiko sawa" ni kumpa mtu ugonjwa bila ya dawa. Kusema "katika dakika ya kwanza, gitaa linapoingia, neno la mwisho la mstari halisikiki" ni kumpa kazi anayoweza kuifanya jioni hiyo hiyo. Atenganishe pia makosa kwa chanzo chake. Jogoo aliyewika katikati ya ubeti ni kosa la kurekodi, na dawa yake ni kurekodi upya. Besi iliyofura ni kosa la kuchanganya, na dawa yake ni kuipunguza. Kiitikio kinachochosha ni kosa la utunzi, na hakuna kitufe kitakachokiponya. Na kilicho kizuri nacho kitajwe kwa mahali pake, kwani sifa yenye anwani ni mafunzo.

Kwa upande wake, kijana naye ana wajibu. Mficha uchi hazai. Asiulete wimbo akiwa amekwisha kuutolea udhuru kwamba ni wa majaribio tu, wala asiwaeleze wasikilizaji mapema unahusu nini, maana akieleza atakuwa ameharibu kipimo. Aulize swali lililo wazi: mmeyasikia maneno? Ni wapi mlipochoka? Ni chombo gani kiliwasumbua? Asibishane, aandike. Aulaze wimbo usiku mmoja au mitatu, ili sikio lililochoka lipumzike, kisha ausikilize pamoja na yale aliyoandika. Shauri la mtu mmoja aliweke kando alifikirie. Shauri ambalo watu watatu wamelitoa bila ya kusikizana alifuate. Mwisho wa yote, uamuzi ni wake. Uhakiki usiomwachia msanii nafasi ya kukataa hugeuka kuwa amri, na amri haijapata kutunga wimbo.

Watasema kwamba haya yote ni makubwa mno kwa kijana aliyerekodi chumbani. Sisi twasema kinyume chake. Mtu mwenye jina ana watu wa kumwambia, na asipoambiwa na rafiki ataambiwa na soko. Kijana wa kwanza hana mtu. Akishasifiwa bure na kuaibika hadharani, aghalabu hujifunza mawili: kwamba watu wazima si wa kuaminiwa, na kwamba asirudie tena. Kwa njia hiyo huenda tumekwisha kupoteza nyimbo nyingi kuliko tulizohifadhi, wala hakuna aliyezihesabu, kwa kuwa wimbo ambao haukutengenezwa hauachi utepe.

Mwanafunzi wetu alimaliza shule bila ya kutuletea wimbo mwingine. Tunayo bado nakala ya ule wa kwanza. Hatimaye tumeusikiliza wote, kwa spika nzuri, besi ikiwa imepunguzwa, tukayaandika maneno yake kama imla. Ni maneno mazuri. Katika ubeti wa tatu bibi anahesabu sarafu gizani kwa kuzipapasa, asiwashe taa akamaliza mafuta. Ubeti huo ndio aliokuja kuusikia siku ya mahafali, nasi ndio tuliomnyima. Walimu wenzetu, mkiletewa simu kesho asubuhi, yafungeni madaftari kwanza.